Nilimtangazia Baba Kifo Akiwa Hai

Jumatano, baada ya alasiri. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua hainyeshi, joto la mwezi huu limekaa tu juu ya bati. Ndani kunanuka ubani na masufuria ya watu. Nimejifungia chumba cha nyuma na laptopu mapajani, nimewaambia kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi.

Baba tumemzika juzi.

Nina mambo mawili ya kukiri na nitayasema hapahapa mwanzoni, asije mtu akasema nimemzungusha. La kwanza, tanzia ya Baba niliitoa mtandaoni siku nne kabla hajafa. Hilo mji mzima wa Tabora unalijua, kuanzia kwetu Gongoni mpaka Cheyo, na wapo walionitungia na jina. La pili, nina mdogo wangu wa kike, binti wa Baba kwa mama mwingine, anaishi Usoke. Baba amekufa bila kumwona tena, na mazikoni hakuwepo. Yote mawili ni kwa sababu yangu.

Leo asubuhi nimempigia simu. Nitafika huko.

Shajara hii niliifungua kama zoezi la darasani. Mwalimu alisema kila mwanafunzi awe na ukurasa wake wa kujifunzia, aandike chochote, hata habari za paka. Mpaka leo nilikuwa naandika upuuzi. Wasomaji wangu ni wanne na mmoja ni mimi mwenyewe kwa simu nyingine. Mama hasomi mtandao. Ami, mdogo wake Baba, hasomi pia, lakini atasomewa. Basi asomewe.

Niseme nilivyofika kwenye haya mambo ya tovuti. Nimefanya kazi steshenari karibu na soko miaka kumi na moja. Kuchapa barua, kutoa kopi, kulaminisha vyeti vya watu. Tajiri wangu alipofunga duka nikakaa nyumbani mwaka mzima nikiuguza Baba na kugombana na kuku wa jirani. Ndipo nikasikia kuna kozi ya kutengeneza tovuti kwa ile programu ya kuburuta. Huandiki kodi, ile lugha ya kompyuta, hata mstari mmoja. Unashika boksi la maneno unaliweka hapa, unashika picha unaiweka pale, ukichoka unachukua kiolezo, yaani ukurasa uliokwisha kupangwa na wenyewe, unabadilisha maneno tu. Nikasema hii ndiyo kazi yangu. Mimi nimepanga kadi za harusi za nusu ya Tabora.

Na kweli niliiweza. Zoezi la kwanza nilitengeneza ukurasa wa ukoo wetu. Picha za mababu waliokuja kwa miguu enzi za misafara, jedwali la nani kamzaa nani, na kiboksi cha mtu kuandika anwani yake ili kila nikiongeza kitu kipya apate ujumbe. Ndugu zetu wanapenda sana nasaba. Walijiandikisha kuanzia Ujiji mpaka Maskati, na nikaona fahari kama nimejenga ghorofa.

Halafu nikabadilisha lugha ya programu. Mwalimu anafundishia ya Kiingereza, lakini mimi niligundua ukiingia kwenye mipangilio unaweza kuiweka yote kwa Kiswahili. Nikajiona mjanja kuliko darasa zima. Rasimu, hakiki, buruta, ficha, chapisha. Maneno yangu yote hayo, nimeyala miaka.

Sasa sikia.

Hospitali walituambia tumrudishe Baba nyumbani. Hawakutufafanulia sana na sisi hatukuuliza sana. Ami ni mtu wa mipango, yule hata safari ya Urambo anafunga mzigo siku tatu kabla. Alhamisi mchana alikuja, akamsalimia kaka yake, akatoka, akaniita pembeni. Akasema, "Rukia, wewe ndiye mtaalamu. Tuandae tangazo kabisa, msiba usije kutukuta tunahangaika na majina." Nilimchukia kwa kusema hivyo, na wakati huohuo nikawa nafungua laptopu. Hilo ndilo linalonitia aibu. Sikulia wala sikukataa. Nilitafuta kiolezo.

Kiolezo cha msiba hakikuwepo. Vilikuwepo vya harusi, vya hoteli na vya mtu anayeuza keki. Nikachukua cha harusi kwa sababu kilikuwa na nafasi nzuri ya picha na ya majina mengi. Nikaondoa pete, nikabadilisha rangi. Chini palikuwa na kopa kubwa la pinki na maneno ya kukaribisha watu kwenye furaha. Lilikataa kufutika. Nikaona kuna amri ya kuficha, nikalificha, nikaendelea.

Ami akawa ananisomea majina ya kuweka chini ya "Habari ziwafikie". Mnajua tangazo la msiba bila hayo si tangazo. Nani wa Ujiji, nani wa Kigoma, nani wa Kaliua, nani wa Urambo, kisha wa hapa mjini, kisha Dodoma, Morogoro, Bagamoyo, Unguja, mpaka ng'ambo. Ukiisoma orodha ile unaona umepanda treni. Mwisho akavua miwani akaniuliza, "Tumemsahau nani?"

Nikasema hatujamsahau mtu.

Ngoja nimweleze huyo ambaye hatukumsahau.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Msimu wa tumbaku, wakulima wakishalipwa, alikuwa akihamia Usoke na marobota yake hata miezi miwili. Nilipokuwa na miaka tisa alirudi safari moja, Mama akafungua mfuko wake akakuta gauni la mtoto. Kitambaa kilekile cha gauni langu la Idi, maua ya zambarau, ila lilikuwa dogo kuliko langu. Alikuwa amesahau kulikabidhi, au alikosa nafasi, sijui. Mama hakupiga kelele. Alichukua mkasi akalikata vipandevipande juu ya meza ya chakula, mbele yetu wote, akavikusanya akavitia jikoni kwenye moto. Baba hakwenda tena Usoke. Mimi nilijua kuna kitu, ila mtoto wa miaka tisa utauliza nini?

Jibu lilikuja lenyewe steshenari. Miaka tisa iliyopita, msichana mmoja alileta maombi ya kazi nimchapie. Nikamwuliza kama ninavyowauliza wote, bila hata kuinua uso: jina kamili, majina matatu? Akasema, "Nyamizi Nassoro Khalfani." Mimi naitwa Rukia Nassoro Khalfani. Vidole vilikwama kwenye vitufe. Nikainua macho nikaona paji la uso la Baba, na ile mistari miwili katikati ya nyusi, vimekaa juu ya shingo ya msichana wa watu. Yeye aliniuliza, "Nimekosea herufi, dada?"

Tulijuana siku ile. Alilia, mimi nikafunga duka nusu saa. Tukapeana namba. Tangu hapo ni salamu za Idi, pole za homa, picha za watoto wake wawili. Akija mjini anapitia steshenari, tunakula chapati nyuma ya mashine ya kopi. Nyumbani sijawahi kumleta hata siku moja. Kila mwaka nilimwambia, "Nivumilie, naandaa mazingira." Miaka tisa nimeandaa mazingira! Hakuwahi kunidai. Alikuwa akiuliza tu, "Mzee hajambo?" nami najibu hajambo.

Sababu yangu ilikuwa Mama. Nilijiambia nikimleta Nyamizi, Mama atarudi kwenye ule mkasi. Ni kweli, lakini si yote. Leo naandika peke yangu kwa hiyo niseme: nilikuwa napenda pia kuwa binti pekee wa Baba. Haya, nimesema.

Turudi Alhamisi. Orodha imekamilika. Ami akasema, "Mimi mambo ya kwenye kioo siyawezi. Nichapishie niikague kwenye karatasi." Maneno hayo nimeambiwa na wateja mara ngapi kwa siku, kwa miaka kumi na moja? Nichapishie hii kopi mbili. Nichapishie cheti. Ukiambiwa chapisha, mashine inakohoa, karatasi inatoka. Nikawasha printa yetu kuukuu, nikatazama juu ya kioo, kitufe hicho hapo cha buluu: Chapisha. Nikabonyeza.

Karatasi haikutoka. Sikushangaa, printa ile ina kiburi. Nikaizima nikaiwasha, nikaipigapiga ubavuni, nikabonyeza tena. Hakuna. Nikatoa wino nikautikisa. Ami akaanza kutania, "Mtaalamu, vipi?" Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza nachomoa waya pale simu yangu ilipoanza kuita. Binti wa shangazi, Dodoma. Nikapokea nikasikia kilio, "Rukia jamani, kwa nini hukunipigia? Nisome mtandaoni mimi, kwenye msiba wa mjomba wangu?"

Nilibaki palepale chini ya meza.

Kwa Kiingereza nisingekosea. Darasani nimelibonyeza neno lile la Kiingereza mara ngapi, najua linatoa ukurasa nje kwa watu wote. Ila kwa Kiswahili mkono wangu ulikwenda steshenari. Na ujumbe ulikuwa umeshamfikia kila aliyejiandikisha, mara mbili, kwa sababu nilibonyeza mara mbili.

Niliurudisha ukurasa kwenye rasimu haraka, lakini watu walikwisha kuupiga picha na kuusambaza kwenye magrupu. Na kwenye simu zao lile kopa lilikuwepo. Mwalimu alishatuonya, ukikificha kitu upande wa kompyuta, upande wa simu kiko palepale. Basi watu wakaona sura ya Baba na kanzu yake, Innalillahi, majina yote ya ukoo, na chini kopa la pinki limeandikwa "Karibuni tufurahi pamoja." Mpaka leo wapo wanaonitumia picha ile na kuniuliza kama ni ya kweli.

Nusu saa haikupita jamvi likatandikwa nje. Vijana wa mtaa wameleta turubai, wanabishana nguzo ikae wapi. Ami anakimbia huku na huku, "Jamani hajafa, hajafa," na watu wanampigapiga mgongoni wanamwambia avumilie, ndiyo hali ya msiba hiyo. Bi Hidaya, jirani wa ukuta mmoja, yeye hakusimama popote. Alipita na kilio chake moja kwa moja mpaka chumbani kwa Baba, kanga kichwani, "Kaka yangu weee," akamkuta kaka yake ameegemea mto anakunywa uji.

Kilio kikakatika. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona anatafuta la kusema. Akasema, "Shikamoo."

Baba akasema, "Marahaba. Nani amekufa?"

Baba hakuwa mjinga. Alisikiliza nje, akasikia mtu anamlilia kwa jina, akaweka kikombe chini taratibu. Akaniambia nilete hiyo laptopu.

Nikaileta. Akasema, "Soma." Nikasoma najikwaa kwenye maneno, mimi niliyezoea kusomea watu barua zao. Nilipofika kwenye majina akafumba macho, na kila jina alilisemea neno. "Naam. Huyo hatakuja, mguu wake mbaya." "Huyo atakuja kwa ajili ya pilau." Bi Hidaya alicheka huku anajifuta machozi. Hata mimi nilianza kupumua. Nikasoma wa Kaliua, nikasoma wa Urambo, nikaingia wa hapa mjini.

Baba akafumbua macho. "Rudia hapo."

"Wapi, Baba?"

"Baada ya Urambo."

"Baada ya Urambo ni Tabora, Baba."

Akanitazama. "Tangu lini Urambo na Tabora zimepakana?"

Mama alikuwa mlangoni ameshika kikombe kingine cha uji. Kila aliyepita reli ile anajua katikati yake kuna Usoke. Bi Hidaya akatazama miguu yake, kumbe naye anajua au anahisi. Nikasema, "Nitarekebisha, Baba." Mama akasema mgonjwa apumzike, tutoke. Baba akageukia ukutani.

Sikurekebisha. Ijumaa nzima nilishinda kuomba radhi na kuandika kanusho. Nilimtumia kila mtu wa kila grupu la ukoo kwamba Mzee Nassoro ni mzima, ni makosa ya mitambo. Makosa ya mitambo! Nikawapigia na wale wasio na simu kubwa. Nilimaliza jioni nikajilaza nimechoka, nikajiona nimesafisha kila kitu. Nyamizi sikumtumia. Hakuwa kwenye orodha, hakujiandikisha popote, nikahesabu kwamba hakupata hata ile ya kwanza. Sikumwuliza. Kumwuliza kungefungua mambo.

Alikuwa ameipata. Mtu wa Urambo alimtumia mtu wa Usoke, na Usoke si pakubwa.

Jumamosi asubuhi nafagia mbele ya nyumba, nikamwona amesimama getini. Kanga mbili, macho yamevimba, kapu la karanga na kuku amefungwa miguu. Alikaa njiani tangu alfajiri. Aliniamkia kama siku zote, nikaitikia, akashika mkono wangu akausugua. Hakulalamika. Akasema kwa sauti ndogo, "Najua nimechelewa maziko, dada. Sikuja kuleta maneno. Nionyeshe tu kaburi, niondoke."

Nikamwambia. Sikumbuki nilimwambiaje. Nadhani nilisema, "Yupo ndani, anakunywa chai."

Hakufurahi kama nilivyodhani. Alikaa kwenye ngazi ya nje, polepole, akaweka kuku chini. Kisha akasema, "Basi sijui niingie vipi. Kwenye kaburi nisingemwomba mtu ruhusa."

Hapo ndipo nilipaswa kumshika mkono. Hatua kumi, labda kumi na mbili, kutoka ngazi ile mpaka kitanda cha Baba. Baba amekwisha kuuliza kwa mdomo wake. Mtoto wake amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Ilibaki mimi tu kufungua mdomo.

Mama akaita kutoka uani, "Rukia, nani huyo?"

Nikasema, "Mteja wangu wa zamani, Mama. Wa steshenari."

Ilitoka yenyewe, wallahi, kama kile kitufe, bila kufikiri. Ila kwa kitufe naweza kulaumu Kiswahili. Hili nimlaumu nani?

Nyamizi alisikia. Nilirudi ndani mara moja, nimjulie Mama hali, nimtulize, ndivyo nilivyojidanganya. Nilijishughulisha na vyombo. Nilipotoka tena hakuwepo. Kapu la karanga alikuwa ameliacha kwenye ngazi, na kuku.

Jumapili Baba hakuongea. Jumatatu baada ya swala ya asubuhi akaondoka, Mama anamsomea Yasini, mimi nimemshika unyayo. Alikuwa mwepesi mno. Nililia safari hii, nililia mpaka Bi Hidaya akanimwagia maji.

Na watu hawakuja. Yaani walikuja, lakini si kama inavyokuja Tabora kwa mtu kama Baba. Mpaka saa nne jamvi lilikuwa tupu. Nikapiga simu, wananiuliza, "Rukia, ni kweli safari hii?" Binti wa shangazi wa Dodoma alicheka kwanza, halafu akaniomba msamaha, halafu akaomba aongee na mtu mwingine ahakikishe. Ami alilazimika kwenda msikitini watangaze kwa kipaza sauti. Hapo ndipo watu wakaamini. Tumemzika adhuhuri, safu zimepungua, na najua walionitazama walikuwa wanafikiri nini.

Nyamizi nilimpigia Jumatatu mara sita. Haikupokelewa. Nikamwandikia ujumbe: Baba amefariki kweli, tunamzika leo adhuhuri, njoo mdogo wangu. Aliusoma. Niliona ameusoma. Hakujibu, na ningemlaumu vipi? Mtu aliyekwisha kulia msiba wa uongo, akafika mpaka mlangoni nikamgeuza, akimbie tena kwa neno langu?

Leo asubuhi amepokea. Nikasikia watoto nyuma, na mtu anatwanga. Akasema, "Halo. Nani mwenzangu?"

Sijui kama alifuta namba yangu au alijifanya. Nikasema, "Ni mimi, Rukia."

"Rukia wa wapi?"

Nikasema, "Wa steshenari." Mtume! Baada ya yote hayo, mdomo wangu ukatoa hilohilo.

Nyamizi akawaambia watoto watulie. Kisha akasema kwa adabu kabisa, ile sauti ya kuongea na mtu usiyemjua, "Steshenari si ilifungwa, dada? Mimi sina cha kuchapisha. Asante." Akakata.

Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma. Angenitukana ningejua bado tuna undugu.

Nilikwenda kwa Mama. Ameshaingia eda, amekaa chumbani kwenye godoro lililowekwa chini, nguo nyeupe, amekuwa mdogo sana. Nikafunga mlango nikamwambia yote, kuanzia majina matatu ya steshenari mpaka simu ya leo. Nikamtaja Nyamizi kwa jina. Nikamwambia kesho naenda Usoke, hata kama watu watasema nimeacha matanga ya baba yangu, na nikamwambia akitaka kuleta mkasi aulete tu.

Mama hakushtuka. Alikuwa anavuta uradi kwa tasbihi, akaendelea mpaka akamaliza mzunguko. Ndipo akasema.

"Jumamosi nilimwona. Nilichungulia dirishani. Uso ule ningeukosaje, nimeishi nao miaka arobaini." Akaiweka tasbihi mapajani. "Baba yako aliniuliza getini kuna nani. Nikamwambia ni mteja wako, kama ulivyosema. Akasema, mwambieni aingie. Nikamwambia ameshaondoka."

Nikauliza, "Na alikuwa ameshaondoka?"

"Alikuwa bado amekaa kwenye ngazi," Mama akasema. "Anamfungua yule kuku kamba apumue."

Akalala akajifunika shuka mpaka kichwani. Nilikaa naye hadi adhuhuri. Nilitaka kumkasirikia na sikuweza. Nilimpa neno, akalitumia.

Kesho nitapanda basi la asubuhi. Nitasimama mlangoni kwake mpaka afungue, na kwamba Baba amekufa kweli nitamwambia kwa mdomo wangu, hilo ni haki yake na nimeshalichelewesha vya kutosha. Lakini hili lingine? Kwamba Baba alisema aingie, na yeye wakati huo yuko hatua kumi na mbili tu, amekaa nje na kuku. Hilo nimwambie, au nimfichie?